Herufi saba, pointi hamsini: namna ya kuona anagramu kwenye Scrabble

Kabla hatujafika kwenye Scrabble yenyewe, ule mchezo wa kupanga vigae vya herufi kwenye bodi upate maneno ya pointi, hebu chukua karatasi uandike SAMAKI. Herufi sita. Sasa kwa herufi hizohizo, zote, bila kuongeza wala kupunguza, nitafutie neno lingine la Kiswahili.

Umekwama? Wengi wanakwama hapo, na sio kwamba hawajui Kiswahili, ni kwamba jicho likishaona samaki linaganda, kila ukiangalia unaona samaki tu. Lakini hapohapo kuna MASIKA, kuna MAKASI, kuna KAMASI. Fanya na LIMA: mali, mila, lami, imla, yaani maneno matano kwa herufi nne. TUMIA ina UMATI na MAUTI ndani yake. SAFARI ukiigeuza ni FARASI. Na SITA ni TISA, hii mi naipenda kuliko zote manake hata tarakimu zenyewe, 6 na 9, ni moja imepinduliwa.

Maneno yote hayo unayajua tangu utotoni, sindio? Kwa hiyo shida ya anagramu, yaani maneno ya herufi zilezile zilizopangwa upya, mara nyingi sio msamiati, shida ni jicho kung'ang'ania umbo la kwanza lililoliona, na hiyo ina dawa, inafundishika kabisa. Ndo maana naandika haya, kwa ajili ya wanaocheza Scrabble ya Kiingereza wanaishia pointi 200 kila gemu huku mwenzao wa upande wa pili anapiga 400, alafu wanajiambia yule ana Kizungu kingi. Hapana ndugu yangu. Yule anajua kubomoa.

Na sisi kubomoa maneno ni mchezo wetu wa zamani. Huku pwani kulikuwa na kinyume, silabi ya mwisho inaletwa mbele, mbuzi inakuwa zimbu, na watoto walikuwa wanaongea hivo mbiombio mpaka mtu mzima aliyekaa barazani haambulii kitu. Ukitaka kulegeza jicho anza na huo mchezo, dakika tano tu kwenye matatu, soma vibao vya maduka kinyume. Inasaidia kuliko unavyodhani.

Pesa iko wapi

Seti ya Kiingereza ina vigae 100. Herufi za pointi 1 ni A E I O U L N S T R, za 2 ni D na G, za 3 ni B C M P, za 4 ni F H V W Y, K peke yake ni 5, J na X ni 8, Q na Z ni 10, na blanki mbili ambazo ni sifuri lakini zinakaa badala ya herufi yoyote. Aliyepanga hivi ni Alfred Butts, mchoraji majengo wa New York aliyekosa kazi ule wakati uchumi wa Marekani ulipoanguka miaka ya 1930, akawa anahesabu herufi kwenye magazeti kuona ipi inatokea mara ngapi. E akaipa vigae 12, A na I 9 kila moja, O 8, na N, R, T sita sita. Hii orodha ishike kichwani, manake inakwambia nini kinakuja kutoka kwenye mfuko.

Sasa mtu mgeni akiona Q au Z kwenye reki yake (reki ni kile kibao kidogo cha kusimamishia zile herufi saba unazoshika) anafurahi, anadhani hapo ndo pana pointi. Hebu tupige hesabu. QUIZ ina 22, ukiifungulia gemu kwenye nyota ya katikati inazidishwa mara mbili, 44. Vizuri sana. Lakini mwenzako mwenye A E I N R S T, herufi saba za pointi moja moja, takataka kabisa kwa macho ya mgeni, akifungua na RETAINS anapata 7 mara mbili, 14, akijumlisha ile bonasi ya 50 ya kumaliza vigae vyote saba ni 64, na akiilaza neno lake mpaka herufi moja ikaguse ule mraba wa herufi mara mbili, unaozidisha herufi iliyokaa juu yake, ni 66. Hiyo bonasi ndo tunaiita bingo, na gemu za wachezaji wazuri zinajengwa juu ya bingo mbili mpaka tatu kila mmoja. Kwa hiyo anagramu ya pointi nyingi ni ile inayomaliza reki, uzuri wa herufi mojamoja unakuja baadaye. (Ukicheza Words With Friends kwenye simu bonasi ni 35 na thamani za herufi zinatofautiana kidogo, lakini kazi ni ileile.)

Vua viambishi kwanza

Hapa ndo penye moyo wa jambo lenyewe, nitakaa hapa kidogo.

Wewe ukisikia "wanapikiwa" hauhitaji mtu akuambie kuna wa, kuna na, kuna pik, kuna i, kuna w na a ya mwisho. Umezaliwa unapasua maneno. Mwalimu wa sarufi shuleni aliipa majina tu, viambishi awali, mzizi, viambishi tamati. Sasa Kiingereza nacho kina viambishi, vichache kuliko vyetu, na ukivivua kutoka kwenye zile herufi saba kinachobaki ni herufi tatu au nne, na herufi nne kichwa chochote kinaweza kuzipanga. Herufi saba tofauti zina mipangilio 5,040, herufi nne zina 24. Hiyo ndo tofauti kati ya kukodoa macho na kutafuta.

Viambishi vya mwisho vya kuanza navyo: -ING, -ED, -ER, -EST, -IER, -IES, -ION, -ATE, -AGE, -ITE, -ISH, -OUS, -ENT, -ANT, -ISM, -IST, -ABLE, -NESS, -LESS, -FUL, na S yenyewe. Vya mwanzo: RE-, UN-, IN-, DE-, DIS-, MIS-, OUT-, OVER-, PRE-, NON-.

Chukua reki hii: A E G I N R T. Ondoa ING uweke kulia kabisa, mbali kidogo na zingine, kwa vidole, sio kwa mawazo. Zimebaki A E R T. Zichezee: RATE, TEAR... TEAR! TEARING. Umepata bingo. Lakini usiweke bado, rudisha, jaribu kiambishi kingine. Ondoa IER, zimebaki A G N T, TANG, kumbe TANGIER, ladha kali zaidi. Ondoa IN uweke mbele: INGRATE, mtu asiye na shukrani. Ondoa ITE: GRAN, GRANITE, lile jiwe. Maneno manne kwenye reki moja, kila moja limefunguliwa na ufunguo wake, na kama ungekaa unaangalia tu vigae vilivyo pengine ungeona moja au usione kabisa.

Nyingine: D E I O S T U. Ukivua OUT unabaki na D E I S, OUTSIDE. Ukivua OUS unabaki na D E I T, TEDIOUS. Herufi zilezile kabisa.

Kuna kitu kinachotusumbua sisi hasa, na sijawahi kuona kikiandikwa kwa ajili yetu. Maneno ya Kiswahili yanaishia na irabu, karibu yote, kwa hiyo jicho letu bila kujua linasukuma A na I na O upande wa kulia. Kiingereza kinapenda kufungia neno na S, D, R, T, N, G, Y, na irabu inayofungia mara nyingi ni E tu. Jilazimishe. Ukishika vigae vipya, peleka konsonanti hizo kulia na irabu katikati, alafu ndo uanze kutafuta. Mi nilikaa karibu mwaka mzima nacheza na mzee mmoja mtaani kwetu, yeye kazi yake ilikuwa kuninyooshea kidole kwenye reki yangu baada ya gemu akisema "ona ulivyozipanga, umepanga Kiswahili". Alikuwa sahihi kila mara, herufi zangu zilikuwa zinakaa konsonanti irabu konsonanti irabu kama zinataka kusoma shairi.

Baada ya viambishi tazama herufi zinazopenda kushikana. CH, SH, TH, GH hizo ni zetu pia. Lakini kuna CK, PH, WH, STR, GHT, na hizi hazina silabi ya Kiswahili kwa hiyo hauzisikii, lazima uziweke pamoja kwa mkono uone. Alafu maneno ya kuunganisha, mawili ndani ya moja: A E H O R S T haina kiambishi kinachokusaidia, lakini ukitoa EAR inabaki H O S T, geuza, SHOT, EARSHOT. Kila ukiona neno la herufi tatu la kawaida kwenye reki kama EAR, AIR, OUT, SUN, MAN, DAY, litoe uulize hizi nne zilizobaki zinasema nini.

Na tikisa. Kila baada ya sekunde ishirini hivi kama haujaona kitu changanya vigae upya, panga kwa alfabeti, panga kinyume, weka irabu zote kushoto. Jicho likiona umbo jipya linaachia lile la zamani.

Kwa nini usiridhike na la kwanza

Mtu akipata bingo mikono inatetemeka anataka kuweka haraka kabla haijakimbia. Haikimbii. Subiri nikuonyeshe.

Una A E I N R S T. Hizi ni herufi maarufu kuliko zote kwenye huu mchezo: RETAINS, RETINAS, NASTIER, ANTSIER, STAINER, RETSINA (mvinyo wa Kigiriki), STEARIN, na bado. Sema bodi imejaa, hakuna pa kulaza herufi saba. Lakini kwenye mstari wa juu kabisa kuna P imekaa mraba wa tatu kutoka kushoto, kichwa cha neno linaloshuka chini. Neno la herufi nane basi, saba zako na hiyo P. Unatafuta unapata PAINTERS. Hongera, lakini PAINTERS inaanza na P na kulia kwa P, mraba wa nane, kuna ule mwekundu wa neno mara tatu, neno lako likianzia mraba wa tatu linapita hapo, linazidishwa mara tatu. Tuhesabu sawasawa. P iko mraba wa tatu, A inaangukia mraba wa nne ambao ni wa herufi mara mbili, kwa hiyo jumla ni 11, mara tatu 33, na 50 ni 83. PANTRIES ni ileile 83. PERTAINS, E ndo inakaa hapo, bado 83.

Sasa REPAINTS. P ni herufi ya tatu. Yaani R inakaa mraba wa kwanza, ile kona nyekundu, na S inakaa mraba wa nane, nyekundu nyingine. Neno moja limegusa mara tatu mbili, tatu mara tatu, tisa. 11 mara 9 ni 99, na 50, pointi 149 kwa mpigo mmoja. Herufi zilezile nane, maneno manne, na moja linazidi mengine kwa pointi 66, ambazo ndo zilezile pointi za bingo nzima ya kufungulia.

Ndo maana nasema usisome anagramu moja kwa reki, soma familia yote. Bodi ndo inachagua ni nani kati ya hao ndugu atatoka.

Mashina

Kuna njia ya mkato ambayo wachezaji wa mashindano wote wanaitumia. Unashika neno la herufi sita linaloelewana na herufi nyingi, alafu unajifunza kila herufi ya saba inaleta nini. Yanayojulikana sana ni TISANE, SATIRE na RETINA. Nikupe RETINA uone utamu wake. Ongeza C ni CERTAIN. D ni TRAINED. E, TRAINEE. F, FAINTER. G tushaiona, GRANITE na wenzake. H, HAIRNET. I, INERTIA. K, KERATIN. L inaleta LATRINE, RELIANT, RETINAL. M inaleta RAIMENT na MINARET, mnara wa msikiti, hilo mtu wa Lamu au Zanzibar halitamtoka. N, ENTRAIN. P, PAINTER, PERTAIN, REPAINT. R, TERRAIN, TRAINER, RETRAIN. S ndo ile familia kubwa. T, NITRATE, NATTIER. U, URINATE. W, TINWARE, TAWNIER.

Yaani ukibaki na A E I N R T mkononi unangoja herufi moja tu, karibu chochote kinachotoka mfukoni ni bingo. Na hii inakuonyesha kitu kingine, kwamba pointi zinaanza kutafutwa zamu moja kabla. Ukiwa na chaguo la pointi 22 linalokuachia U U V, na chaguo la pointi 18 linalokuachia E R N, chukua 18. Vigae unavyobakiza ndo mbegu ya reki inayokuja. Usitupe S ovyo, ziko nne tu kwenye mfuko mzima, wengi wetu tunahesabu kwamba kama S haikuongezei angalau pointi 8 hivi iache ikae. Blanki usiiguse chini ya 25 au 30 ya ziada, na ukiwa nayo mkononi tafuta bingo kila zamu bila kuchoka, pita alfabeti nzima kichwani, blanki ikiwa A je, ikiwa B je. Inachosha lakini inalipa.

Na reki ikiwa mbovu kabisa, irabu sita au U tatu, badilisha. Unapoteza zamu ila inaruhusiwa mradi mfuko una vigae saba au zaidi. Watu wanaogopa kubadilisha kama vile ni kushindwa, wanaweka vineno vya pointi 6 zamu nne mfululizo, wakati wangebadilisha mara moja.

Q, Z, J, X, na yale maneno ambayo sisi tunayajua tayari

Hapa kuna zawadi yetu. Mashindano ya huku Afrika Mashariki yanafuata kamusi ya Collins, ina maneno zaidi ya 279,000, na ndani yake mna Q zisizohitaji U baada yake. Mzungu anayekaa kuyakariri hayo anatoka jasho, mtu wa pwani anayasoma kama majina ya majirani. QADI ni kadhi. TALAQ ni talaka. FAQIR ni fakiri. QIBLA ni kibla. NIQAB ni nikabu. WAQF ni wakfu, pointi 19 kabla haujagusa mraba wowote wa rangi. SUQ ni soko. TARIQAT ni tarika, hiyo ina herufi saba, ukiipata ni bingo yenye Q ndani. Na QADI ukiipindua ni QAID, nayo iko. Kumbuka tahajia tu, wao wameandika kwa kufuata Kiarabu, ile k yetu ni Q.

Alafu kuna maneno yaliyotoka kwetu moja kwa moja: SAFARI, ASKARI, BWANA, PANGA, SHAMBA, SIMBA, MATATU, UGALI, UHURU, UJAMAA, HARAMBEE, KANZU, MZEE. Yote yanakubalika Collins na wingi wake unawekwa kwa S ya Kizungu, MATATUS, SHAMBAS, MZEES. Usiyaone ni mapambo, yana kazi. UHURU inakuondolea U tatu kwa mpigo. UGALI inakutoa kwenye U A I. UJAMAA inameza A tatu na inakupa 15. KANZU ni 18, MZEE ni 15. Na hata yenyewe yana anagramu: PANGA ni PAGAN, SIMBA ni IAMBS, zile hatua za mizani kwenye ushairi wa Kiingereza.

X ni herufi ya kuweka sehemu moja inayosoma pande mbili. AX, EX, OX, XI, XU. Mraba wa herufi mara tatu, kushoto kwa mraba huo kuna A, juu ya mraba huo kuna E, unatumbukiza X moja tu: 25 kwa AX, 25 kwa EX, hamsini. Kigae kimoja. Kwa Q kumbuka QI, kwa Z kumbuka ZA na ZO, kwa J kumbuka JO. Maneno ya herufi mbili yote ya Collins ni 127, yajue yote hata kama haujui maana, manake bingo yako bila hayo haina pa kulala, unaishika mkononi bodi imekubana unabaki kusikitika.

Kiingereza changu kidogo, nitaweza?

Swali hili naulizwa kila mara na nalijibu kwa watu wawili.

Nigel Richards wa New Zealand, mwaka 2015 alikuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, na Kifaransa haongei. Alikaa na orodha ya maneno kama wiki tisa. Mwaka 2024 akafanya vilevile kwa Kihispania. Anaona maumbo ya herufi, maana hazimhusu.

Wa pili ni Wellington Jighere wa Nigeria. Novemba 2015, huko Perth, Australia, akawa Mwafrika wa kwanza kuchukua ubingwa wa dunia wa Kiingereza, fainali 4-0 dhidi ya Mwingereza Lewis Mackay, na neno linalokumbukwa ni FELTY, pointi 36. Herufi tano hizo! Wanigeria walijulikana kwa kusisitiza maneno ya herufi nne na tano, kubana bodi, kubakiza vigae vizuri, na sio kukimbilia bingo kila zamu. Kwa hiyo pamoja na yote niliyosema juu ya bingo, kuna zamu ambazo FELTY ndo neno lenyewe. Ukiona umeongoza kwa pointi nyingi, usifungue bodi kwa bingo itakayompa mwenzako ule mraba mwekundu.

Kufanya mazoezi

Kata karatasi ndogondogo. Upande mmoja andika herufi zimepangwa kialfabeti, AEGINRT, upande wa nyuma andika majibu yote. Kumi kwa siku zinatosha, ukizidisha unachoka wiki ya pili unaacha. Ulizopata zisogeze mbele uzirudie baada ya siku tatu, ukizipata tena baada ya wiki, alafu mwezi. Ulizokosa zirudi kesho. Kuna programu ya Zyzzyva inafanya hiyo kazi yenyewe kwenye kompyuta, na Quackle, ya bure, unacheza nayo alafu inakuonyesha kila zamu ulikuwa na nini kizuri zaidi. Hiyo ya kupitia gemu baada ya kucheza ndo iliyonipandisha mimi kuliko kitu kingine chochote. Lakini hizi ni za mazoezi, katikati ya gemu na mtu simu iweke mfukoni, manake neno uliloletewa na mashine halibaki kichwani na mwenzako umemwibia jioni yake.

Kwa nini kialfabeti? Kwa sababu herufi saba zinaweza kutoka mfukoni kwa mipangilio elfu tano lakini alfabeti ina mpangilio mmoja tu. Ukizoea kupanga reki hivo, AEINRST inakuwa kama sura ya mtu unayemjua, hauhesabu macho na pua, unamtambua tu.

Na angalia saa. Mashindanoni kila mchezaji ana dakika 25 kwa gemu nzima. Mi najipa dakika mbili mpaka tatu kwa reki inayonukia bingo, yaani yenye S au blanki au mchanganyiko wa E R T N A I, na reki mbovu sizipi hata dakika moja.

Haya, reki sita za kufanyia kazi leo usiku. Vua viambishi, tikisa, tafuta familia nzima:

AELRSTT
CDEINOT
EIPRSST
AEHLRST
AEGILNR
AEGINRS

Majibu ninayotaka uyapate, yanaweza yakawepo na mengine. Ya kwanza STARTLE, STARLET, RATTLES. Ya pili NOTICED, CTENOID, DEONTIC. Ya tatu PERSIST, PRIESTS, STRIPES, SPRITES. Ya nne LATHERS, HALTERS, SLATHER. Ya tano REALIGN, na NARGILE ambayo ni shisha. Ya sita REGAINS, SEARING, ERASING, GAINERS.